Mehmet: Jina la Mtume (s.a.w.) Katika Ulimi wa Waturuki

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ramadhani moja msikitini kwetu tulipokea mgeni kutoka Uturuki aliyekuja na wenzake kugawa futari kwa mayatima. Baada ya sala ya Magharibi alitakiwa ajitambulishe, akasema jina lake ni Mehmet. Kijana mmoja wa darsa letu, mwenye bidii na Kiarabu kizuri, akasimama mbele za watu akamwambia kuwa hilo si jina la Kiislamu, na kwamba ikiwa asili yake ni Muhammad basi amelipotosha jina la Mtume, na inampasa alibadilishe. Mgeni aliposikia likitajwa jina la Mtume (s.a.w.) aliweka mkono kifuani, kama ilivyo ada ya wengi katika watu wa kwao. Kisha akainamisha uso, akasema kuwa jina hilo alipewa na babu yake. Futari ikaliwa kimya.

Sisi tulikuwapo, na tunakiri kuwa hatukusema neno. Tulidhani suala ni dogo. Tulipolirejea katika vitabu tukaona si dogo, kwani ndani yake mna elimu ya lugha, mna tarehe ya umma huu, na mna hukumu ya heshima ya Muislamu. Tumeona tuliandike ili tuwafae wengine na tulipe deni letu.

Jina lenyewe katika Kiarabu

Jina Muhammad limetokana na herufi tatu za asili: ha, mim na dal, yaani hamd, kusifu. Wanafunzi wa elimu ya sarfu wanajua kuwa mizizi hiyo imezaa majina mengi. Mahmud ni mwenye kusifiwa. Ahmad ni wa sifa zaidi kuliko wengine. Hamid na Hamad nayo yamo humo humo. Ama Muhammad, limekuja kwa wazni wa mufa‘‘al, na tashdidi iliyo juu ya mimu ya kati inaleta maana ya wingi na kukariri. Kwa hiyo Muhammad ni yule asifiwaye sana, mara baada ya mara.

Katika Qur'ani Tukufu jina hili limetajwa mara 4: katika Aal Imran aya ya 144, Al-Ahzab aya ya 40, Muhammad aya ya 2 na Al-Fat-h aya ya 29. Jina la Ahmad limetajwa mara moja, katika As-Saff aya ya 6. Likiandikwa, Muhammad ni herufi nne tu: mim, ha, mim, dal. Irabu zake na tashdidi yake msomaji huzijua mwenyewe. Tulishike jambo hili, kwani tutalihitaji mbele.

Lilivyofika kwa Waturuki

Waturuki waliingia katika Uislamu makundi kwa makundi kuanzia karne ya 10, wakitokea Asia ya Kati. Wengi wao waliipokea dini na istilahi zake kupitia Waajemi wa Khurasan na nchi zilizo ng'ambo ya mto Amu Darya. Hawakuyatupa majina yao yote ya zamani. Sultani wa Kiseljuki aliyewashinda Warumi wa Mashariki katika vita vya Malazgirt mwaka 1071 (463 H) anajulikana kwa jina la Alp Arslan, maana yake simba shujaa kwa Kituruki, naye jina lake la Kiislamu lilikuwa ni Muhammad bin Dawud. Alikuwa na yote mawili, wala wanazuoni wa zama zake hawakumtia kasoro kwa hilo, kwani jina la kabila lenye maana njema halina ubaya.

Jina la Muhammad lilipoenea kwa watu wa kawaida, lilipita katika ulimi wa Kituruki kama maji yapitavyo katika mfereji, yakafuata umbo la mfereji. Kituruki hakina ha nzito ya kooni. Fat-ha ya Kiarabu mara nyingi huisoma kwa sauti ya e, ndiyo maana Ahmad kwao ni Ahmed. Tena lugha hiyo hupenda irabu za neno moja zishabihiane. Basi Muhammad likawa Muhammed, kisha kwa wengine likawa Mehemmed, kisha irabu ya kati ikadondoka likabaki Mehmed. Mwisho, Kituruki hakipendi neno liishie kwa d, huigeuza ikawa t. Ndiyo tukapata Mehmet, Ahmet, Mahmut na Murat. Hii ni kanuni ya lugha nzima, haikutungwa kwa ajili ya jina hili peke yake.

Masultani na mawaziri

Masultani sita wa dola ya Uthmaniya walikuwa na jina hili. Wa kwanza alitawala toka 1413 hadi 1421, naye ndiye aliyeiunganisha dola baada ya Timur kumshinda na kumteka baba yake, Bayezid, katika vita vya Ankara mwaka 1402. Wa pili ni Mehmed Fatih, aliyeifungua Kostantiniya tarehe 29 Mei 1453 (20 Jumada al-Ula 857 H), naye akiwa na umri wa miaka 21. Wa tatu alitawala 1595 hadi 1603, wa nne 1648 hadi 1687, wa tano 1909 hadi 1918. Wa sita, Mehmed Vahdettin, alikuwa sultani wa mwisho. Usultani ulifutwa tarehe 1 Novemba 1922, naye akaondoka Istanbul tarehe 17 ya mwezi huo.

Wako na wengine wasiokuwa masultani. Sokollu Mehmed Pasha, mzaliwa wa Bosnia, alikuwa waziri mkuu toka 1565 mpaka alipouawa 1579. Mehmed Akif Ersoy (1873–1936) ndiye mshairi aliyetunga wimbo wa taifa wa Uturuki, uliopitishwa mwaka 1921.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa mtawala wa Misri toka 1805 hadi 1848. Alizaliwa Kavala, mji ambao leo uko Ugiriki, na lugha yake ilikuwa Kituruki. Waturuki wanamwita Mehmed Ali Pasha. Waarabu wanamwita Muhammad Ali Pasha. Mtu ni mmoja, na katika maandishi ya zama zake jina ni moja, kwa herufi zile zile nne. Tofauti ilikuwa kinywani mwa msomaji tu.

Je, ni heshima au ni ulimi?

Waturuki wengi ukiwauliza sababu ya jina hili watakupa jibu zuri. Watakuambia kuwa wazee wao walimwachia Mtume (s.a.w.) peke yake tamko la Muhammed, nao wakawaita watoto wao Mehmed, ili mtoto akikaripiwa, au akitukanwa na mwenzake njiani, jina la Mtume lisipite katika matusi.

Maneno haya yanapendeza, lakini elimu inatutaka tuyapime. Kama hofu hiyo ndiyo iliyolizaa tamko la Mehmed, mbona Ahmed, ambalo nalo ni jina la Mtume kwa nassi ya Qur'ani, walilitumia bila ya kulikinga? Mbona Mustafa, sifa yake mashuhuri, nayo wanaitwa watu bila ya kugeuzwa? Pia tunaona mageuzi kama haya yametokea mbali, mahali ambapo ada hiyo ya Waturuki haikufika. Senegal na Guinea wanasema Mamadou. Waberberi wa Algeria wanasema Mohand. Morocco wako wanaosema M'hamed. Wasomali wanaandika Maxamed. Na sisi huku pwani tunasema Muhamadi na Mohamedi. Kila ulimi umelipokea jina kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwa hiyo lililo karibu na haki ni kusema kuwa tamko la Mehmed lilizaliwa na ulimi, kisha heshima ikalilea. Watu walipojikuta wana matamko mawili ya jina moja, waliyagawa: moja wakaliweka kwa ajili ya Mtume (s.a.w.), na jingine kwa ajili ya watu wa kawaida. Dalili ya mgawanyo huo iko wazi. Mturuki hamwiti Mtume (s.a.w.) kwa jina la Mehmet, husema Hazreti Muhammed. Hata katika miaka ya 1932 hadi 1950, adhana ilipolazimishwa kusomwa kwa Kituruki, jina la Mtume ndani ya adhana hiyo lilibaki ni Muhammed. Na askari wao wa kawaida kwa mapenzi humwita Mehmetçik, maana yake Mehmet mdogo. Wanafunzi wa sarfu wataitambua hapo tasghiri, yaani kulidogosha jina. Tasghiri hiyo wanaifanya kwa askari wao, wala hawaithubutu kwa jina la Mtume.

Hofu hii aliijua Umar (r.a.)

Msomaji asidhani kuwa hofu ya jina la Mtume kutukanwa ni uzushi wa Waturuki. Imamu Ahmad amepokea katika Musnad yake kuwa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimwona mtu akimwapiza na kumtukana mtoto wa ndugu yake, Zayd, ambaye aliitwa Muhammad. Umar akamwita kijana huyo, akakataa jina la Mtume litukanwe kwa sababu yake, na akambadilisha jina akamwita Abdurrahman. Kisha akawaita watoto wa Talha ili awabadilishe majina nao. Mkubwa wao, Muhammad bin Talha, akamwambia kuwa aliyempa jina hilo ni Mtume mwenyewe (s.a.w.). Umar akawaambia waende zao, kwani hakuwa na njia ya kukibadilisha alichokiita Mtume.

Tukikizingatia kisa hiki tunapata faida mbili. Ya kwanza, kulinda jina la Mtume lisitukanwe ni jambo la adabu lenye asili kwa maswahaba. Ya pili, ulinzi huo haukufika mahali pa kuwanyima watu jina lenyewe. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliruhusu watu waitwe kwa jina lake, akawakataza kujipa kunya yake ya Abul-Qasim. Waturuki wamepita njia ya kati. Hawakuliacha jina la Mtume, wala hawakulianika kwenye matusi ya sokoni.

Mwaka 1928

Tarehe 1 Novemba 1928 Jamhuri ya Uturuki ilipitisha sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kuandika kwa herufi za Kilatini. Mengi yamesemwa juu ya athari za sheria hiyo. Sisi tunataka moja tu, linalohusu jina hili.

Kabla ya sheria hiyo, jina la Mtume na jina la mkulima wa Anatolia yaliandikwa sawasawa. Baada yake, kila tamko lilipata maandishi yake: Muhammed huku, Mehmet kule. Tofauti iliyokuwa kinywani ikahamia kwenye karatasi. Mgeni asiyejua tarehe akiona Mehmet haoni hamd ndani yake. Lau babu wa babu wa mgeni wetu angeandika jina hilo kwa mkono wake, kijana wetu angelisoma Muhammad, na angemkumbatia.

Hukumu ya kulitamka jina kwa ulimi wa kabila

Inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo kijana wetu aliyachanganya.

La kwanza ni jina la Mtume (s.a.w.) ndani ya ibada: adhana, iqama, tahiyatu na kumsalia. Hapo hapana ruhusa ya kulegeza. Wanafunzi waliosoma Safinatun-Najaa wanakumbuka kuwa mwandishi wake, Sheikh Salim bin Sumair Al-Hadhrami, amezihesabu tashdidi za tahiyatu kuwa ni 21, na mojawapo ni ile ya mimu ya Muhammad. Tahiyatu ya mwisho kwa Mashafi‘i ni nguzo ya sala, kwa hiyo anayeweza kujifunza lazima ajifunze. Maimamu wetu wanaosema "Muhamadi" katika adhana na tahiyatu wana haja ya kusahihishwa kabla ya Mturuki.

La pili ni jina la mtu linapotamkwa na watu wa lugha yake. Hili msingi wake ni wasaa. Wanazuoni wa nahau wameyahesabu Ibrahim, Ismail, Is-haq na Yaaqub kuwa ni majina ya ajami, yasiyo ya Kiarabu kwa asili, na ndiyo sababu hayapokei tanwini. Kisha tazama katika visomo vilivyothibiti: Hisham katika riwaya yake kutoka kwa Ibn Amir anasoma Ibraham badala ya Ibrahim katika baadhi ya sehemu. Jina la Jibril nalo lina visomo zaidi ya kimoja. Ikiwa jina la Nabii na jina la Malaika yamesomwa kwa matamko zaidi ya moja ndani ya Kitabu cha Allah, vipi tumkatie Mturuki kuwa ameipotosha dini kwa sababu jina lake limepita katika ulimi wa mama yake?

Kilichokatazwa ni jina lenye maana mbaya. Mtume (s.a.w.) alimbadilisha Asiya, kwa maana ya mwasi wa kike, akamwita Jamila. Hakumbadilisha mtu jina kwa kuwa lafudhi yake si ya Kikuraishi.

Tuangalie pia nia. Wazungu wa zama za kati waliligeuza jina la Mtume (s.a.w.), na katika Kiingereza cha zamani likawa Mahound, neno walilomwitia hata shetani. Huko ni kugeuza kwa uadui. Mturuki amegeuza kwa ulimi, kisha akaheshimu. Majalla, mkusanyo wa sheria za muamala kwa madhehebu ya Hanafi ulioandikwa na kamati ya Ahmed Cevdet Pasha toka 1869 hadi 1876, imeweka katika kifungu chake cha pili ile kanuni maarufu ya fiqhi kuwa mambo hupimwa kwa makusudio yake. Mwenye kuwahukumu hawa wawili kwa hukumu moja ameiacha kanuni hiyo.

Na sisi je?

Sasa tujitazame. Kijana aliyemkemea mgeni jina lake ni Athumani. Asili yake ni Uthman, jina la khalifa wa tatu (r.a.). Waswahili tumeigeuza irabu yake ya mwanzo ikawa a, tukaliongezea i mwishoni. Waturuki hawana tha, wakasema Osman, na dola yao nzima imeitwa kwa jina la babu yao Osman. Athumani na Osman ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja alikwenda kusini na mwingine kaskazini. Sisi tunasema Fatuma, Hadija, Abdala na Yusufu, wala hatujasikia mtu akiambiwa arudie shahada kwa ajili hiyo.

Tena adabu ile ya Waturuki si ngeni kwetu. Mwanamke wa pwani akimpa mwanawe jina la baba yake mzazi, hawezi kuliita kwa kelele wala kulikaripia. Humwita mtoto "Baba". Amelihifadhi jina kwa kuliweka mbali na ghadhabu. Bali hapa sisi tumepungukiwa. Jina la baba zetu tunalikinga, na la Mtume (s.a.w.) tunaliacha. Ni mara ngapi tunasikia mitaani, "We Muhamadi mshenzi," au "Mudi mwizi"? Aliyeyasikia haya na akanyamaza, kisha akaona haya kwa ajili ya Mehmet, na ajiulize ni ipi ghera iliyo sahihi.

Nasaha zetu kwa maimamu na walimu ni hizi. Tuwafundishe watoto kulitamka jina la Mtume (s.a.w.) kwa tashdidi yake katika ibada. Tuwakataze wazazi kuwatukana watoto kwa jina hilo. Anayetaka kumwita mwanawe Muhammad na amwite, na cheti cha kuzaliwa kikiandikwa Mohamedi, mtoto hajapoteza jina. Na Muislamu akija kwetu na jina tusilolijua, tumuulize maana yake kabla ya kumhukumu. Aya ya 11 ya Suratul-Hujurat imewakataza waumini kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Kumwambia Muislamu mbele za watu kuwa jina alilopewa na wazee wake si la Kiislamu, hali ya kuwa ni jina la Mtume, hakuko mbali na hilo.

Mgeni wetu alirejea kwao kabla hatujamtaka radhi. Kijana wetu ameyasoma haya, na ndiye aliyesema yachapwe na kisa chake kisifichwe, ili mwingine asiangukie hapo hapo. Allah amlipe kheri kwa insafu yake, amghufirie mgeni wetu na babu yake, na atughufirie sisi tulionyamaza. Amin.

Wallahu aalam.